Undugu wa Maini

Azim alifungua mdomo kama mtoto anayelishwa uji, na Mutuma akamwekea kipande cha maini. Kilikuwa bado cha moto. Azim alikitafuna huku akitabasamu, machozi yakimlengalenga, mafuta yakimng'aa kwenye ndevu alizokuwa amezipunguza kwa ajili ya Ijumaa iliyokuwa inakuja.

"Sasa na wewe mlishe," Mama Nkatha akamwambia.

"Haya, fungua mdomo, bwana," Azim akasema. "Mbona umekaza meno? Unadhani nimetia sumu?"

Mutuma akafungua. Alitafuna asisikie ladha yoyote. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, fundi wa mabasi, mtu wa kulala chali juu ya sakafu baridi na kunyanyua vyuma ambavyo vijana walivikimbia. Lakini Jumapili ile alishindwa kumtazama machoni Azim, mtu aliyempenda kuliko watu wote duniani.

Nje ya dirisha, maghorofa ya Thorncliffe Park, mtaa wao huko ughaibuni, yalikuwa yamezama kwenye ukungu wa Novemba. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka alfajiri na kugeuka tope kabla ya mchana.

Mama Nkatha akachovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki sahanini. Akampaka mwanawe kwenye paji la uso, kisha akampaka Azim.

"Hii ni kazi ya wazee wanaume," akasema. "Ingekuwa nyumbani Meru, angechinjwa mbuzi mzima na watu wangekaa kushuhudia. Lakini wazee wako mbali, na baba yake Mutuma Mungu alimchukua. Nimebaki mimi na haya maini ya dukani. Kuanzia leo nyinyi ni gichiaro."

"Gichiaro," Azim akalirudia neno kwa ulimi wake wa Mombasa. "Maana yake nini, Mama?"

"Ni undugu. Si huu wa kuzaliwa tumbo moja, huo watu wanauvunja kila siku kwa sababu ya shamba. Undugu wa gichiaro hauvunjwi. Ukija kwetu, mlango wangu ni wako. Ukiugua, ni kazi yangu kukuuguza. Mtu akikugusa, amenigusa mimi."

Azim akafunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika. Mama Nkatha akacheka, akampiga mgongoni kama anayemtoa mtoto kikohozi.

"Wee, usilie. Maini ni ya halali, nimeuliza. Tulipotoka kanisani nilienda na Cherotich, jirani yenu, pale kwa Wapakistani, nikamwambia anitafsirie: mwambie huyo muuzaji nataka ya mbuzi, na Azim hali haramu, na Azim ni mtoto wangu."

"Ulimwambia hivyo, Mama?"

"Nilimwambia. Akaniongezea kipande cha bure."

Kisha akasema mgongo unamuuma, akaingia chumbani kujinyoosha, akarudisha mlango taratibu.

Azim hakungoja. Alimvuta Mutuma mpaka jikoni, akambana kati ya jokofu na ukuta, akamkumbatia kwa nguvu. Alinuka maini na manukato yake ya siku zote. Mutuma akafumba macho. Alitaka wakati usimame pale pale. Alitaka mtu yule aendelee kuwa na furaha, na yeye asiulizwe chochote.

"Umemwambia," Azim akanong'ona shingoni kwake. "Haki ya Mungu nilidhani hutaweza. Kutwa nzima niko pale famasi nahesabu vidonge vya watu, nakosea, naanza upya. Nikasema, leo huyu atarudi kutoka kanisani na sababu nyingine. Nafungua mlango, nakuta Mama anachoma maini! Alisema nini ulipomwambia? Alilia?"

"Azim..."

"Ngoja, nimpigie dada yangu Nilofar. Kwa hii harusi ya Ijumaa nilikuwa na yeye mmoja tu wa kusimama upande wangu, tena anakuja kwa kujificha. Sasa nina mama! Mama mzima, mwenye kilemba!" Akacheka kwa sauti ndogo. "Atavaa nini? Tumnunulie koti zito, ukumbi wa jiji una baridi kama mochari."

"Azim, usipige simu."

Kitu katika sauti ile kilimsimamisha. Azim akarudi nyuma hatua moja, akamtazama. Mutuma alikuwa na macho mazito, ya kahawia, macho ambayo Azim aliwahi kusema angeyajua hata gizani. Sasa yalikuwa yanaangalia sinki.

"Hukumwambia," Azim akasema.

"Nilitaka. Tulipotoka kanisani Cherotich alikuwa nasi. Halafu Mama akasema anapitia dukani. Mimi nikabaki nyuma kanisani; nilipofika hapa nikamkuta ameshawasha jiko."

"Sasa haya maini yametoka wapi? Ametubariki kwa lipi?"

Mutuma akachukua kitambaa, akaanza kufuta sinki.

"Nakuuliza, Mutuma. Gichiaro ni nini?"

"Amekwambia. Ni undugu."

"Na nini kingine?"

Bomba la maji ya moto liligonga ndani ya ukuta, kama lilivyozoea kila mtu wa juu akifungua bafu. Mutuma akasubiri linyamaze.

"Watu wa gichiaro hawaoani," akasema. "Ni mwiko. Hata watoto wao hawaoani. Ni kama mtu na dada yake."

Azim alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, polepole, kisha akaupangusa mkono kwenye suruali. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imekauka.

"Ulijua hilo nilipokuwa nimekaa pale mezani?"

"Nilijua."

"Nilipofungua mdomo?"

"Azim, alikuwa ameshapika. Ningefanya nini, nimpige mama mkono?"

"Ungesema 'Mama, ngoja.' Maneno mawili. Wewe ulinilisha! Kwa mkono wako! Mimi nalia kwa furaha kama bwege, nadhani napokewa, na wewe unajua kwamba nafungiwa mlango!"

"Usipaze sauti, atasikia."

"Mwaka wa tano sasa sauti yangu iko chini." Lakini akaishusha hata hivyo, kwa mazoea, na kule kuishusha kukamtia uchungu zaidi. "Mimi nilimwambia mama yangu. Nilienda kwake Don Mills, nikakaa kwenye kochi lake lililofunikwa plastiki, nikamwambia kwa Kikachi, lugha aliyonibembelezea nikiwa mdogo. Nikamwambia huyu Mutuma si rafiki, ni mtu ninayemuoa. Unajua alichofanya mama yangu, Razia binti Shahid? Alikwenda akaleta albamu ya picha, akaanza kutoa zile nilizomo. Aliniwekea mapajani moja moja, kwa adabu, kama anayegawa karata. Mimi sina picha kwa mama yangu, Mutuma. Nililipia neno lile. Wewe bado unapatana bei."

"Mama yangu ni mzee. Anarudi nyumbani Jumatatu, baada ya hiyo Ijumaa. Akirudi kule..."

"Akirudi kule watamuuliza Mutuma anaishi na nani, na atasema anaishi na ndugu yake. Ndivyo unavyotaka?"

"Nataka nisimuue."

"Hafi mtu. Mimi wangu hakufa. Jana Nilofar ameniambia yuko sokoni anagombania bilinganya." Akavuta pumzi. "Sikia. Nchi hii haina neno na sisi. Yule karani wa leseni ya ndoa alitugongea muhuri huku anakula kroasani, hata hakututazama mara mbili. Alikuuliza huyu ni nani wako, ukamjibu kwa Kiingereza chap chap, bila kukwama. Nilikupenda siku ile mpaka nikaona aibu. Lakini karani yule hatakuja kwenye mazishi yangu. Serikali imemaliza kazi yake. Iliyobaki ni yako, na iko chumbani kule imelala na mgongo unaiuma."

"Sijalala," Mama Nkatha akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, soksi miguuni, kilemba mkononi. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa mistari, na bila kilemba alionekana mdogo, kama msichana aliyezeeka ghafla.

"Mama, umesikia..." Mutuma akaanza.

"Sikuhitaji kusikia. Mlinilaza katika chumba mkaniambia ni cha Azim. Nikafungua kabati niweke nguo zangu. Halikuwa na shati hata moja la Azim." Akavuta kiti, akakaa. "Nikasema labda ni mtu maskini. Halafu nikaenda kumtandikia mwanangu kitanda, nikaokota miwani ya Azim upande wa ukutani. Na wewe mwenyewe Azim, tangu nimekuja unalala kochini, katika nyumba yako, ili mimi nisione. Nimezaa watoto sita. Mnadhani niliwapata kwa barua?"

Wakati mwingine wote watatu wangecheka. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo Mama ulijua," Azim akasema. "Ulipochoma yale maini, ulijua."

"Nilijua. Ndiyo sababu nikayachoma."

"Ili tusioane."

Mama Nkatha akakikunja kilemba, akakikunjua, akakikunja tena. "Keti, mwanangu."

"Nitasimama, Mama. Niwie radhi."

"Basi simama, lakini nisikie. Kwetu mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Nimejiuliza usiku na mchana: kwa hawa, nitasema nani ameoa na nani ameolewa? Nikirudi, nitawaambia nini mashemeji zangu? Nimetafuta neno la kukuleta wewe ndani ya boma langu, mchana, watu wakiona. Nimetafuta kama mtu anayetafuta sindano. Nimepata hilo moja. Kwa neno hilo unaweza kuja, ukala, ukaugua, ukazikwa pale ukitaka, na hakuna mtu wa kufungua mdomo. Kwa neno lile lenu wangekupiga mawe, na mimi nisingeweza kuwazuia. Sikukufungia mlango. Nimekupitisha kwenye mlango nilionao."

Azim akainamisha kichwa. Alimpenda mwanamke yule. Alikuwa amempikia pilau, amempaka dawa miguuni, amemfundisha kuvuka barabara kwa taa. Mama huyu alimwita mwanangu siku mama yake mwenyewe alipokataa simu yake. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono.

"Mama, asante. Nasema kweli, asante. Hakuna mtu aliyewahi kunitafutia neno namna hiyo. Lakini mimi sitaki kuwa ndugu yake. Nina kaka huko Calgary na hatupigiani hata simu. Mimi namtaka huyu kwa lile neno lingine."

"Basi hukula kitu leo," Mama Nkatha akasema kwa huzuni. "Umetafuna tu."

Azim akainuka. Akamgeukia Mutuma, na macho yale ambayo muda mfupi uliopita yalikuwa yanalia kwa furaha sasa yalikuwa makavu, yamefunguka wazi, yanamngoja.

"Mama anajua kila kitu," akasema. "Hakuna siri tena ya kulinda. Haijabaki kazi ngumu. Mwambie tu mimi ni nani wako. Si kwa Kiingereza. Kwa lugha anayoielewa."

Mutuma akafungua mdomo. Neno lilikuwepo. Alikuwa amelisema mara nyingi gizani, kwenye nywele za Azim, kwa sauti ambayo hata mto haukuisikia. Lilikuwa neno dogo, neno la kila mwanamke sokoni, mume wangu hivi, mume wangu vile. Akamwangalia mama yake. Akaona paji lake la uso, makunyanzi yake, ule mkufu wa chama cha akina mama shingoni.

"Mama amechoka," akasema. "Tuongee kesho."

Azim akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa majibu ya kipimo na akayakuta yale aliyoyatarajia. Akachukua koti kwenye msumari, akavaa buti bila kufunga kamba.

"Niko kwa Nilofar," akasema. "Mama, kula ndizi nilizokupikia, ziko kwenye oveni. Usiache zipoe."

"Azim, usiende hivyo," Mutuma akasema, akimshika mkono wa koti.

"Niende vipi, kama nani wako? Niambie, niende hivyo."

Mutuma akauachia mkono wa koti. Mlango ukafungwa. Nyayo za Azim zikafifia kwenye zulia la korido, lifti ikalia ting, kisha nyumba ikawa kimya isipokuwa lile bomba ukutani.

Mama Nkatha hakuinuka. Mutuma alisimama katikati ya jiko, mikono imelegea, mikono minene yenye grisi isiyotoka kwenye kucha.

"Mama," akasema. "Yule ni mume wangu."

Lilitoka lote. Halikumuua mtu. Mama Nkatha alifumba macho, midomo ikamtetemeka, chozi moja likateremka likaingia kwenye kona ya mdomo. Akalifuta kwa kilemba.

"Nimesikia," akasema. "Limeniuma, sitakudanganya. Litaniuma hata nikifika kaburini. Lakini sasa unaniambia mimi? Wakati alikuwa amesimama hapo, anakuangalia kama mbwa aliyefungiwa nje? Neno hilo si langu, Mutuma. Mpelekee mwenyewe."

Mutuma alitoka na sandali, bila koti. Alibonyeza kitufe cha lifti kwa ngumi. Ilipofika akaingia, simu imeshafika sikioni. Ikaita, ikaita.

"Nimeona ni wewe," Azim akajibu. Injini ya gari ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti yake. "Niko hapa chini kwenye maegesho. Nimekaa kama mjinga, nashindwa kutia gia."

"Usiondoke. Nakuja. Nimemwambia."

Sauti ya Azim ikaanza kulainika: "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia, Azim. Haki. Nimemwambia lile neno."

"Nisemee na mimi." Azim alikuwa analia sasa, au anacheka. Kwake vilikaribiana. "Sitaki magoti wala maua. Liseme tu hapa kwenye simu, na hii injini naizima sasa hivi."

Mutuma akavuta pumzi. Lifti ikapunguza mwendo. Milango ikafunguka, na Cherotich akaingia na kapu la nguo za kufua, bado amevaa lile gauni la kanisani, uso wote tabasamu. Alikuwa nesi, mweka hazina wa ushirika wao wa kanisani, mwanamke mwema ambaye habari yoyote ikimfikia ilikuwa imefika Meru kabla ya jua kuzama.

"Aa, Mutuma! Na sandali kwenye baridi hii? Mama anaendeleaje? Maini yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa matamu sana, asante," Mutuma akasema.

"Nani huyo?" Azim akauliza sikioni. "Ni Cherotich? Hata vizuri. Sema na yeye asikie. Sema, mpenzi wangu. Niko hapa."

Lifti ikaanza tena kushuka. Namba nyekundu juu ya mlango zikabadilika. Mutuma alihisi neno limemfika kwenye meno, lile lile aliloliweza dakika chache nyuma mbele ya mama yake mzazi. Cherotich akaliweka kapu sakafuni, akamkodolea macho kwa wema.

"Ni habari mbaya?" akauliza. "Mbona umebadilika rangi? Unaongea na nani?"

"Ni..." Mutuma akasema. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, pale palipokuwa pamepakwa mafuta. "Ni ndugu yangu."

"Ooh! Msalimie sana ndugu yako!"

Simuni injini iliendelea kunguruma. Mutuma akaibana simu kwenye sikio kwa mikono miwili, akisubiri.

"Mwambie salamu zimefika," Azim akasema kwa upole, na Mutuma akasikia gia ikiingia.